Gunia la Karani

Ukimuuliza Karani kama kunanyesha, hakwambii kunanyesha. Alikuwa anainua kichwa, anasikiliza bati kidogo, halafu anasema, "Kuna kitu kinaanguka juu ya nyumba." Ukitaka kujua kama ni mvua, unatoka mwenyewe, unalowa, unarudi unamwambia. Hapo ndipo anakubali. Anasema, "Sasa tunajua, maana Mama Wanjiru amelowa."

Mama Wanjiru ni mimi. Nimelowa mara nyingi kwa ajili ya huyo mtu.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hakuniambia, na mimi sikuuliza, nilikuwa na uji wa kupika. Nilimjua akiwa karani wa kampuni yetu ya kununua shamba, hapa Eldoret, wakati Uhuru ulikuwa bado mpya na wazungu walikuwa wanauza mashamba na kufunga masanduku. Wengi wetu tulikuwa tumetoka mkoa wa Central kuja kuwa vibarua wa wazungu hao hao. Tuliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Mzungu akiuza, yule anayenunua anakuja na watu wake, na wewe wa laini unaambiwa utafute pa kwenda. Kwa hivyo tukajiunga, kila mtu akaingiza hisa yake, tutafute shamba letu wenyewe tugawane. Kazi ya kampuni ilikuwa hiyo. Na kazi ya Karani ilikuwa kumwambia Mwenyekiti ni shamba gani.

Ofisi ilikuwa chumba nyuma ya kinu cha posho. Kila kitu ndani kilikuwa na unga: kiti, kalamu, nyusi za Karani. Mgeni akiingia alidhani amekuta mzee sana, anaanza kumsalimia kwa heshima kubwa. Kumbe ni mahindi.

Mimi nilikaa nje ya mlango na sufuria mbili, moja ya chai na moja ya uji, nikiwauzia watu wanaongoja kusagiwa. Shule nilisoma kidogo, ya kutosha kujua jina langu likiandikwa vibaya. Lakini masikio yangu yalikuwa mazuri, na mtu anayengoja unga huongea. Aliyetoka Ainabkoi anasema ya Ainabkoi, aliyetoka Soy anasema ya Soy. Karani alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa mbao, akijifanya anaandika. Kalamu ilikuwa inasimama kila mtu akitaja shamba.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi kwenye stesheni ya reli, chumba cha telegramu. Huko, alisema, alijifunza kwamba maneno yakifika, kwanza unauliza yametoka wapi na yamepitia kwa nani, ndipo unasoma yanasema nini. Sisi wengine tulikuwa tunaanza na yanasema nini. Mwenyekiti alianza na tufanye nini.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwenye bucha. Simsengenyi, alikuwa mtu mwema na alitupigania. Lakini kazi ya bucha ni kukata. Ukimwekea jambo mbele yake anataka kujua kisu kipite wapi. Alikuwa anaingia asubuhi na koti lake refu la jeshi, hajakaa hata kidogo, anauliza:

"Karani, lile shamba la Kiplombe linauzwa ama haliuzwi?"

"Mwenyekiti, kuna mmoja amesema linauzwa."

"Kwa hivyo linauzwa."

"Kuna mmoja amesema."

"Huyo mmoja ni nani?"

"Ni mpishi wa jirani wa mwenye shamba."

"Ah. Kwa hivyo haliuzwi."

"Mimi sijasema haliuzwi."

"Wewe hujasema kitu tangu nikujue."

Halafu anatoka, anakuja kwangu, anakaa kwenye debe. "Mama Wanjiru, nipe chai. Huyu mtu wako ataniua." Mtu wangu! Yeye ndiye aliyemwajiri.

Nataka watoto wa siku hizi waelewe kwamba Mwenyekiti hakuwa mjinga, na Karani hakuwa mwoga. Habari za mashamba wakati ule zilikuwa kama moshi. Leo mzungu anauza, kesho mke wake amekataa kuhama, kesho kutwa ameuza kwa mwingine na kibao hakijatolewa barabarani. Mwenyekiti alikuwa na watu mamia nyuma yake wanaomuuliza, tutalima lini? Alitaka neno moja. Karani hakuwa na neno moja, na hakutaka kulitengeneza.

Ndipo akafikiria gunia.

Alichukua gunia kubwa la mahindi, akalipasua ubavuni, akalitandaza ukutani na misumari. Kila shamba tulilosikia habari zake likapewa mahali pake: Soy huko juu, Ainabkoi chini, Kiplombe karibu na mlango. Kila habari iliyofika aliiandika kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, na karatasi ikashonwa kwenye gunia, kwenye shamba lake. Siku ya kwanza alijaribu kushona mwenyewe. Alijidunga kidole, akatoa damu juu ya Ainabkoi yote. Akaniita. Kuanzia hapo sindano ikawa yangu.

Uzi ulikuwa rangi tatu. Mweupe ni wa mtu aliyesimama pale na kuona kwa macho yake. Wa bluu ni wa aliyeambiwa na mtu aliyeona. Mwekundu ni watu wanasema. Basi. Hata habari iwe tamu namna gani, kama ni watu wanasema tu, ni nyekundu. Na hakuna kutoa karatasi ya mtu. Ukiwa na neno lingine, shona lako kando yake, yakae pamoja yakitazamana. Karani alijikataza hata yeye mwenyewe. Nilimsikia akijikataza kwa sauti.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo lilimkasirisha Mwenyekiti kuliko yote. Kuna habari ya kweli kabisa, aliyeona ameona, lakini maana yake inaweza kuwa hii ama ile. Hiyo Karani aliniambia niishone kwa pembe moja tu, ining'inie upande. "Ikae vibaya," alisema, "mpaka mtu aende akaulize." Kwa mfano, mzungu mmoja wa Ainabkoi alikuwa anapaka nyumba yake rangi. Anapaka ili auze vizuri, ama anapaka kwa sababu anakaa? Karatasi hiyo ilining'inia wiki tatu. Mwenyekiti akipita alikuwa anainyoosha kwa kidole, kama mtu anayenyoosha picha ya harusi. Akigeuka tu, inalala tena upande.

"Mama Wanjiru, kwani hujui kushona?"

"Najua sana. Muulize Karani kwa nini ananikataza."

Karani akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo haijakaa vibaya, Mwenyekiti. Ni sisi tumekaa vibaya."

Mwishowe tulituma mtu. Haikuwa kuuza, haikuwa kukaa. Binti wa mzungu alikuwa anaolewa. Karani alifurahi wiki nzima, alitembea akipiga mluzi, kama ni yeye aliyemwoza.

Uzuri wa gunia ni kwamba hata asiyejua kusoma alilijua. Nusu ya kamati hawakujua kusoma, wengine walikuwa wanashika karatasi chini juu na kutikisa kichwa. Sasa mtu anaingia mlangoni, anatazama rangi, anatazama kilicholala upande, anajua tuko wapi. Mwenyekiti mwenyewe, baada ya kulalamika miezi, alianza kuleta wageni kuwaonyesha. "Hii ni mashine yetu," alikuwa anasema. Karani anasimama kando amejaa unga, anajifanya hasikii.

Usidhani alikuwa hivyo ofisini tu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mjane aliyeuza viazi, na soko zima lilijua Karani anampenda, maana mtu mmoja asiye na familia hawezi kula viazi hivyo vyote. Nilimwambia, "Yule mama yuko tayari. Wewe nenda."

"Umeambiwa na yeye mwenyewe?"

"Ameniambia na mdomo wake."

"Basi hiyo ni bluu."

"Si uvuke barabara ukapate nyeupe?"

Alivuka baada ya mwaka. Na kanisani, mchungaji alipomuuliza kama anamkubali, alisema "Ndiyo" mara moja, kwa sauti kubwa, mpaka kanisa zima likacheka. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumsikia akilisema neno hilo bila kuliongezea 'pengine'.

Lakini mtu huyu aliyetilia shaka watu wote aliamini goti lake. Goti likiuma, yeye anatangaza mvua ya Alhamisi. Hakuuliza goti lilikuwa limesimama wapi, kama alivyowauliza watu. Na alimwamini kinyozi mmoja karibu na stendi. Chochote kinyozi alichosema juu ya mambo ya dunia, Karani alikileta kwetu kikiwa kimekamilika. Siku moja nilimuuliza hilo goti nilishone na uzi gani. Hakuongea na mimi mpaka chai ya saa nne.

"Ulikuwa umesimama wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Mtu anaingia mbio, anasema nimeona mzungu wa pale anapakia vitu kwa lori. Karani anauliza, ulikuwa umesimama wapi? Mtu anasema, barabarani. Barabara na nyumba ni umbali gani? Unajuaje ni vitu vyake, si mbolea? Mtu anaanza kukasirika, halafu anaanza kukumbuka vizuri zaidi. Swali hilo liliingia nyumbani kwangu. Wanjiru alivunja chungu, nikamuuliza alikuwa amesimama wapi. Akasema, "Nilikuwa nimesimama nikikimbia."

Sasa niseme habari ya shamba la Soy.

Mwezi wa Januari kamati ilikwenda kuliona, watu saba, kwa lori la Msomali mmoja aliyekuwa akibeba mahindi njia ile. Meneja wa shamba akawakaribisha kwenye veranda, akawapa chai na biskuti, akawanyooshea mkono: kutoka hapa mpaka kule. Walirudi kama watu waliolewa pombe. Ni lazima ujue tulikotoka. Kwetu ni mgongo na bonde, mgongo na bonde. Unalima umeegemea mlima, na maji unayabeba mgongoni kutoka chini. Wazee wale waliona ardhi imelala kama meza, udongo mweusi, majani mabichi katikati ya jua la Januari. Mmoja wao alitembea na fimbo akitafuta mahali inapoteremka, hakupaona, akalia. Kwetu maji hukimbia. Hakuna aliyewahi kuwaza juu ya shamba ambalo maji yanafika na hayana pa kwenda.

Karani aliwauliza mmoja mmoja walikuwa wamesimama wapi. Wote saba walikuwa wamesimama kwenye veranda. Hata yule wa fimbo hakupita uwanja wa nyumba. Nikashona karatasi saba na uzi mweupe, maana ni kweli waliona. Siku ya mkutano Mwenyekiti akamwambia asome zilizoandikwa.

"Ameona shamba kutoka kwenye veranda, akila biskuti," Karani akasoma. "Ya pili. Ameona shamba kutoka kwenye veranda, akila biskuti."

"Toa mambo ya biskuti."

"Mwenyekiti, hatutoi."

"Kwani biskuti ina ubaya gani?"

"Haina. Lakini wameiona vizuri kuliko shamba."

Halafu ikaja karatasi ya nane, kupitia kwangu. Kulikuwa na mzee Mnandi aliyeleta maziwa mjini, na alikuwa amechunga ng'ombe upande ule tangu ujana wake. Aliniambia, "Pale chini ni mahali pazuri pa ng'ombe wakati wa jua." Akanywa chai akaenda, na hakurudi kwenye kinu mpaka mambo yalikuwa yameisha. Nilishona na uzi wa bluu, na Karani akasema kwa pembe moja.

"Kwa nini upande?" Mwenyekiti akauliza. "Mzee amesema hata jua likiwaka kuna majani."

"Ama amesema wakati wa mvua ng'ombe hawakai."

"Ni ng'ombe gani huyo anaogopa mvua?"

Kamati ikacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa mlangoni na sufuria.

Karani akasema mtu aende mvua ndefu zikianza, ateremke mpaka chini kabisa, atembee kwa miguu yake. Na asiwe mtu wa koti, kwa sababu meneja atamimina chai. Aende mama mwenye kiondo, anayetafuta kuni. Mama wa kuni hakuna anayemwonyesha kitu, kwa hivyo anaona kila kitu. Wakanitazama mimi.

Hapa itabidi niseme juu yangu kidogo. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Shamba nilipokuwa naishi lilikuwa limeuzwa, na mwenyewe mpya alikuwa ameanza kutoa mabati ya laini, nyumba moja baada ya nyingine, akianzia mwisho wa mstari. Yangu ilikuwa ya tano. Nilikuwa na watoto wanne. Na kampuni nyingine ilikuwa inalitaka shamba la Soy. Kila siku ambayo karatasi ile ilikaa upande ilikuwa ni siku nyingine ya bati kuteremshwa. Karani alikuwa na haki ya kungoja. Mimi nilikuwa na mvua.

Msomali alinishusha sokoni Soy asubuhi. Kulikuwa kunanyesha tangu alfajiri, na kutoka pale mpaka shambani ni mwendo wa saa nzima kwenye matope. Nilisimama chini ya upenu wa duka. Nikamuuliza mama mwenye duka, "Lile shamba la huko liko namna gani?"

"Ni shamba zuri tu," akasema. Alikuwa anapima sukari, hata hakunitazama.

Nikangoja mvua ipungue. Haikupungua. Lori likarudi, nikapanda. Tulipofika mjini, kabla ya kuingia ofisini, niliinama nikajipaka matope mpaka magotini. Nayasema kwa sababu nataka yasemwe na mimi, si na mtu mwingine.

"Umefika?" Karani akauliza.

"Nimefika."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Huko chini, karibu na josho." Kila shamba la mzungu lilikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe, kwa hivyo nilijiona mwerevu.

"Maji?"

"Kidogo. Ya kawaida."

Alitazama miguu yangu. Akaandika polepole, akanipa karatasi. Nikachukua uzi mweupe, nikaishona pembe zote nne, nikavuta sana. Na kwa kuwa sindano ilikuwa mkononi, nikapitia kwenye karatasi ya yule mzee wa maziwa. Nikaifunga pembe ya pili. Ikakaa sawa.

Asubuhi Mwenyekiti aliingia, akatazama ukuta. "Leo gunia limekaa kama gunia," akasema, na akakaa kwenye kiti. Kamati ikakubali kununua wiki hiyo hiyo.

Kando ya karatasi yangu, baada ya siku mbili, niliona nyingine ndogo. Ilikuwa na uzi wa bluu, umeshonwa vibaya kama mtu aliyefunga jeraha. Karani alikuwa ameshona mwenyewe. Sikuweza kusoma mwandiko wake, na sikumwomba mtu anisomee. Kamati walipita mbele yake mara nyingi. Waliona nyeupe nane na hakuna kitu kimelala upande, na hawakusimama.

Ploti tulizipata kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia ya Mwenyekiti. Mimi nilivuta ya juu, karibu na ile nyumba ya veranda, udongo mkavu, watoto wangu wakawa na bati kabla ya Krismasi. Karani alivuta ya chini.

Mvua za mwaka uliofuata ndipo tuliona. Maji yalikuja kimya, bila kukimbia, yakakaa. Mahindi ya watu wa chini yaligeuka njano yakiwa ya kiuno. Ng'ombe walitolewa wote wakapandishwa kwetu, na hapo kila mtu akaelewa alichosema mzee wa maziwa. Hakuna aliyenilaumu. Walimlaumu meneja na biskuti zake, na meneja alikuwa amekwenda Ulaya. Wengine wa chini waliuza wakarudi mjini. Karani hakuuza. Alijenga nyumba juu ya mawe, akachimba mitaro, akapanda kile kinachokubali. Akiulizwa mambo yako namna gani huko, alisema, "Kuna unyevu."

Kila mavuno nilimpelekea gunia la mahindi. Nilisema ni kwa sababu mke wake ni rafiki yangu.

"Hii ni ya nini?" aliniuliza kila mwaka.

"Ni mahindi."

"Naona ni mahindi."

Hakuuliza zaidi, na hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyewauliza watu wote walikuwa wamesimama wapi, mimi hakuniuliza tena.

Miaka ikaenda. Mke wake akafa. Mimi nikawa nyanya wa watu, na mwendo wa kuteremka kwake, uliokuwa wa dakika kumi, ukawa wa nusu saa. Mwaka mmoja, katikati ya mvua ndefu, nilisikia binti yake anataka kumchukua akaishi naye mjini. Nikashuka asubuhi, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa gambuti, anatazama maji uani.

"Karani, nimekuja na neno."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitalisema. Siku ile ya Soy sikufika hapa. Nilisimama chini ya upenu wa duka. Matope nilijipaka."

Bata mmoja alipita uani akiogelea kama kwake.

"Josho liko juu," alisema. "Karibu na nyumba yako."

Ninalipita kila siku, hilo josho. Nimelipita miaka yote hiyo na kila siku lilinitazama.

"Ile karatasi yako ndogo ilisema nini?"

"Ilisema dereva wa lori anasema josho liko juu, kando ya nyumba. Nilingoja mtu aniulize."

"Hakuna aliyeuliza."

"Walitazama rangi. Ni mimi niliyewafundisha watazame rangi. Kosa ni la yule aliyetengeneza kitu cha namna hiyo, mtu mmoja mwenye shida anakiharibu na sindano."

"Hilo kosa ni langu," nikamwambia. "Usilichukue. Umechukua ploti ya maji, inatosha."

"Lakini nilikuwa na mdomo. Ningesema kwa mdomo."

"Na kwa nini hukusema?"

Alijikuna goti. "Nilipita kwenu jioni ile dereva aliponiambia, nikitoka kazini. Nikaona wanatoa bati la nyumba ya nne." "Nikajiambia, pengine maji si mengi."

Nilisimama pale nikimtazama. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kulia, na sikulia.

"Karani," nikasema, "maisha yako yote umekataa kulibadilisha neno pengine liwe ndiyo. Mwenyekiti alikuomba, mjane wa watu alikungoja mwaka mzima. Na siku moja tu ulipokubali, tazama umetuogelesha."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka ilibidi nimpige mgongoni. Alipotulia machozi yalikuwa yamemtoka, na sikumuuliza ni ya nini.

Mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa umeziba kwa majani, ndiyo sababu maji yalikuwa yamepanda mpaka mlangoni. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nilivua viatu, nikakunja nguo, nikaingia. Yalikuwa baridi sana.

"Unafanya nini, Mama Wanjiru? Wewe ni mtu mzee."

"Kaa hapo."

"Binti yangu ataleta kijana afanye hiyo kazi."

"Amefika?"

"Hajafika."

"Basi kaa."

Nikaanza kuchimba. Nilipiga majembe matatu hivi. Halafu akasema nimeanzia mbali, nisonge kushoto. Nikasonga. Akasema sasa nimezidisha. Akasema majani niyatupe upande wa pili, yasirudi. Akasema mtaro unapinda. Mgongo wangu ulikuwa unawaka, na tope lilikuwa limefika pale pale magotini. Nilichimba mpaka maji yakatikisika, yakageuka polepole, yakaanza kutembea ndani ya mtaro na majani juu yake.

"Unapinda," Karani alisema tena kutoka kwenye kigoda.

Nilimwambia anyamaze, na hakunyamaza.